Pikipiki Isiyo na Kelele

Osward hakuwa fundi wa kubahatisha. Tunduma nzima, kuanzia stendi mpaka kule mpakani wanakovukia watu wa Nakonde, ukisema pikipiki yako inakosa nguvu utaambiwa nenda kwa Osward, yule wa kibanda cha bati la bluu, asiyecheka ovyo. Miaka kumi na tisa alikuwa ameinamia injini za watu. Sasa sikia maajabu: pikipiki yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa na kelele kuliko zote. Tak-tak-tak-tak, kama mtu anayekatakata mboga kwa hasira. Mafundi wenzake walimtania mpaka wakachoka wenyewe.

"Osward, hiyo ni pikipiki au cherehani?"

"Inalia kwa sababu ni nzima," alikuwa akijibu, na hapo alikuwa hadanganyi.

Aliyemfundisha kazi, marehemu mzee Fanueli wa Vwawa, alimweleza jambo hilo siku ya kwanza kabisa. Injini hii, alisema, haina maji ya kuipooza kama lori. Inapozwa na upepo tu, ule unaopita kwenye mapezi ya hedi, kile kichwa cha injini. Ndani ya hedi kuna valvu mbili. Ile ya kuingizia hewa na petroli ina nafuu, kila mara inapitiwa na kitu cha baridi. Ile ya kutolea moshi, maskini, kazi yake ni kupitisha moto kutwa nzima mpaka inaiva nyekundu. Ina nafasi moja tu ya kupoa: inapojifunga na kukaa barabara kwenye siti yake, mdomo wa tundu inaloliziba. Hapo moto unatoka ukingoni mwake, unaingia kwenye hedi, unafika kwenye mapezi, upepo unauchukua. Lakini valvu ikipata moto inarefuka. Kwa hiyo lazima uiachie mwanya kidogo kule juu, kwenye tapeti, ile skrubu inayoisukuma, mwembamba kama karatasi. Mwanya huo ndio unaolia tak-tak. Ukiubana ili isilie, valvu ikirefuka haitakaa tena kwenye siti. Itabaki katikati ya moto, haina pa kuupeleka, na itaungua.

Osward aliyashika maneno hayo kama sala. Hata hivyo wateja ni wateja. Mwendesha bodaboda anataka pikipiki inayonguruma taratibu kama mpya. Akisikia tak-tak anasema fundi kamwibia. Basi aliyeng'ang'ania sana alibaniwa tapeti, akaonywa, akaenda zake amefurahi. Kwa safari fupi za lami, stendi na kurudi, balaa huchukua hata mwezi kufika. Yake mwenyewe Osward hakuibana kamwe.

Mtu mmoja tu kelele ile ilikuwa imemuudhi kwelikweli, naye ni mama yake, mama Loisi, aliyekuwa akiishi peke yake kijijini, mbele ya Chitete, kule bondeni kwenye joto. Mwezi wa sita Osward alikwenda kumsalimia. Akaingia uani na tak-tak zake, akalipita jiko, na kuku aliyekuwa ameatamia kwenye kona ya jiko akaruka kwa woga, akakimbilia mtamani, asirudi. Mayai kumi na moja yakaoza. Weee! Bi mkubwa yule alisema kama amefiwa. Tangu hapo kila simu ilikuwa na kuku ndani yake.

"Wewe si fundi? Unawatengenezea watu, yako inapiga kelele kama mashine ya kusaga."

"Nitaitengeneza, mama."

"Utaitengeneza lini? Jumapili hii nimemwatamisha mwingine, palepale jikoni. Njoo unione, Osward, ni miezi minne sasa. Ila uje kimya. Uje kimyakimya nikuone tu umesimama mlangoni."

"Mwezi huu huu nakuja, mama. Utaniona mlangoni."

Hiyo ilikuwa Jumapili, Oktoba. Alhamisi saa kumi na moja alfajiri simu ikaita, na aliyepiga alikuwa mdogo wake, Yonasi, aliyejenga ng'ambo ya mto kutoka kwa mama. Mtu akikupigia saa hiyo huhitaji kuambiwa. Mama alikuwa amelala vizuri, alisema Yonasi, na alfajiri hii hakuamka. Hivyo tu.

"Tunazika leo, kaka. Saa tisa. Huku hakuna pa kumhifadhi, na joto lenyewe unalijua."

"Msimfunike mpaka nifike," Osward alisema. "Nataka kumwona uso. Yonasi, umenisikia? Nimwone uso."

"Tutakusubiri. Wewe njoo tu."

Osward alikaa kitandani akalia mbele ya mkewe bila aibu. Kisha akainuka, maana kulia kuna wakati wake na safari ina wakati wake. Walikubaliana mke na watoto wafuate kesho yake kwa basi. La leo lilikwisha ondoka. Yeye angekwenda kwa pikipiki, na nyuma angembeba mama yake mdogo, Judith, mdogo wa marehemu tumbo moja, aliyekuwa akiuza dagaa sokoni Tunduma. Wapo waliomwambia akodi gari. Akakataa. Fundi wa pikipiki akodi gari la mtu kwenda kumzika mama yake, si kujidhalilisha huko?

Wakati Judith akihangaikia unga na mchele wa msibani, Osward alisimama mbele ya pikipiki yake na funguo mkononi. Aliiwasha. Tak-tak-tak-tak. Hapo akakumbuka msiba wa mjomba wao, mwaka jana, jinsi kijana mmoja alivyoingia na pikipiki ya makelele katikati ya wimbo, wazee wakamtoza mbuzi kwa kuidharau maiti. Kule kwao hilo si jambo dogo. Lakini si mbuzi aliyemuuma. Kilichomuuma ni lile neno, uje kimya. Kwa miezi minne alikuwa amemwahidi mama kitu cha dakika kumi, na hakukifanya. Leo angekwenda na kelele zilezile, mama amelala pale, hawezi hata kumgombeza?

Akachukua spana namba tisa na plaizi. Akafungua vifuniko viwili vya hedi, akabana tapeti, ya hewa na ya moshi, mpaka zikawa hazichezi hata kidogo. Mikono yake ilijua inachofanya. Kichwa nacho kilijua, tena kilimwambia kwa sauti ya mzee Fanueli, na yeye akakijibu: safari moja tu. Nikifika nitailegeza. Aliiwasha tena, na kwa mara ya kwanza pikipiki ile ikanguruma laini, bila tak hata moja. Osward alilia upya.

"Hee! Leo imenyamaza," alisema Judith alipofika na mfuko wa unga kilo ishirini na tano, mchele, na beseni. "Dada yangu angeliona hili."

"Ndiyo maana nimefanya, mama mdogo."

Saa tatu wakaondoka.

Lami ya kuelekea Sumbawanga haikuwa na neno. Upepo ulikuwa mwingi, pikipiki ikaenda kama inateleza, na Judith nyuma akawa anasimulia utoto wao, yeye na marehemu, walivyokuwa wakiiba karanga za mbegu. Walicheka hata, ingawa machozi yalikuwa yakiwatoka. Kisha wakaiacha lami, wakaanza kushuka bondeni.

Njia ile ni mawe, halafu mchanga, halafu mawe. Mzigo ulikuwa mzito, gia ya kwanza na ya pili, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Injini inajikaza na upepo haupo. Jua la Oktoba linakuchoma utosi. Saa tano na nusu pikipiki ikaanza kukohoa. Pa! Pa! kwenye ekzosi. Ikapoteza nguvu, ikazimika katikati ya mchanga.

Osward alikanyaga kiki. Ilishuka bila ukinzani wowote, kama mguu uliokanyaga tope. Pale pale alijua. Lakini unajua mtu anavyojidanganya? Akafungua plagi akaipuliza. Akafungua bomba la petroli akaangalia. Akafanya kila ambacho angemfanyia mteja asiyejua kitu, ili tu asiguse mahali penyewe.

"Ni nini?" aliuliza Judith.

"Imepata joto. Tuiache ipoe kidogo."

Na kweli, ikapoa, ikawaka. Valvu ilikuwa imerudi fupi, imekaa kwenye siti yake. Wakaenda kilomita tatu, ikazimika. Wakangoja nusu saa. Ikawaka, ikaenda kilomita mbili. Wakangoja tena, na safari hiyo haikumaliza hata kilomita moja. Saa saba na robo walikuwa wamekaa kwenye kivuli chembamba cha mti wa miiba, na mbele yao bado kulikuwa na kilomita kumi na nane.

"Osward," alisema Judith, na safari hii hakuwa na utani. "Fundi mzima! Hujui ugonjwa wake?"

"Naujua."

"Basi utibu."

"Nimezibana tapeti mwenyewe asubuhi. Nimeinyima kupoa." Akamweleza kwa kifupi, tangu tapeti mpaka kuku wa mama.

Judith alijipiga paja. "Kwa ajili ya kuku," alisema. "Mungu wangu. Kwa ajili ya kuku wa dada." Akamshika bega.

Osward alichukua spana. Hedi ilikuwa ya moto kiasi kwamba mate yangechemka juu yake. Kulegeza tapeti si kazi ya kutwa, ni dakika kumi, lakini ukiipima ikiwa ya moto utapata kipimo cha uongo. Lazima ipoe kabisa. Palikuwa na chupa ya maji ya kunywa. Aliishika, akaitazama, akairudisha. Maji juu ya hedi ya moto hivyo na hedi inapasuka, kwisha habari. Hapakuwa na kitu cha kufanya ila kukaa na kukitazama chuma kinavyopoa, na chuma hakina haraka, hakijui kuna mtu anazikwa saa tisa.

Ndipo ilipotokea pikipiki, ya kwanza tangu waiache lami. Mwendeshaji alikuwa kijana wa Chitete, Zabron, amefunga pipa la mafuta ya kula nyuma. Alisikia habari, akashuka, akawapa pole kwa mikono miwili.

"Nikilisogeza pipa nitapata nafasi ya mtu mmoja," alisema. "Wawili siwezi, mzee. Njia yenyewe mnaiona."

Mtu mmoja. Judith aliinuka, akakung'uta kitenge. "Nenda wewe," alimwambia Osward. "Wewe ni mwanawe. Mimi nitakaa hapa na mizigo."

Na hapo, jamani, ndipo alipokosea mara ya pili, na hili la pili ndilo linalomwamsha usiku hadi leo. Alimtazama mama yake mdogo, mwanamke wa miaka sitini na mbili, peke yake porini na jua lile. Akaitazama injini. Akapiga hesabu ya kifundi: nusu saa ipoe, dakika kumi kulegeza tapeti, kilomita kumi na nane bila abiria, dakika arobaini. Saa tisa kasoro robo yupo mlangoni. Hesabu ilikuwa safi.

"Nenda wewe, mama mdogo," alisema. "Wakina mama wanakungoja umwogeshe dada yako. Mimi sasa ugonjwa naujua na dawa ninayo. Nitawakuteni hata hamjafika."

"Una hakika?"

"Mimi ni fundi."

Judith akapanda, mfuko wa mchele mapajani, unga ukabaki. Vumbi lao lilipotulia, Osward akakaa chini, akaweka kiganja karibu na mapezi kila baada ya muda, kama mtu anayempima mtoto homa. Alizungumza na mama yake. Alimwambia, nakuja mama, ngoja kidogo, nakuja.

Saa nane kasoro hedi ikashikika. Akafungua vifuniko. Akalegeza tapeti zote mbili, akapima mwanya kwa kipande cha vocha ya simu, taratibu, kama alivyofundishwa. Akafunga. Akakanyaga kiki.

Kiki ilishuka laini. Kutoka kwenye ekzosi ikatoka pumzi ndogo, fsss, na Osward alipoisikia alikaa chini palepale mchangani. Sauti ile aliijua. Ukingo wa valvu ulikuwa umeliwa na moto. Hata ukiiachia nafasi sasa, hata ikikaa kwenye siti, hewa itapita pale palipoliwa. Dawa yake ni moja, valvu mpya, nazo zilikuwa zimejaa kwenye droo ya kibanda chake Tunduma. Alikuwa na ujuzi wote wa kuitengeneza injini ile, na ujuzi huo haukumsaidia hata chembe.

Utauliza, kwa nini asiitupe pikipiki akakimbia? Ni rahisi wewe kuuliza. Mbele kidogo palikuwa na mteremko, na kwenye mteremko pikipiki iliyochoka huweza kuwaka kwa kusukumwa. Aliutupa mfuko wa unga kichakani, akaisukuma, akairukia, ikawaka! Ikaenda mita mia mbili ikizomea, ikafa. Mbele palikuwa na mteremko mwingine. Ikawaka, ikafa. Laiti isingewaka kabisa angeiacha tangu saa nane, akakimbia, akafika amechoka lakini akafika. Lakini ilikuwa ikiwaka kidogo, kila mara kidogo, na tumaini dogo hivyo ndilo linalommaliza mtu.

Saa tisa na nusu alifika juu ya kilima, mahali mtandao unapopatikana. Simu ikalia kwa mkupuo, simu sita za Yonasi alizokosa. Akapiga.

"Kaka, uko wapi?"

"Kilimani. Kilomita kumi. Yonasi, ningojeni, naomba."

Nyuma ya Yonasi watu walikuwa wakiimba. "Tumengoja. Mama mdogo amewazuia watu, amesema uko nyuma yake, unakuja. Lakini mchungaji anasema… Kaka, joto hili. Mama hawezi kungoja zaidi. Umenielewa? Mwili unaharibika."

Osward alielewa. Kama kuna mtu aliyekuwa anaelewa siku ile jinsi joto linavyoharibu kitu kisicho na pa kupolea, ni yeye.

"Mmeshamfunika?"

"Ndiyo tunamfunika sasa."

"Mwambie…" Alitaka kusema mwambie nimeitengeneza, haina kelele. Akaona upumbavu wake. "Usikate simu," alisema. "Iache tu."

Yonasi hakukata. Osward akasimama juu ya kilima, simu sikioni, pikipiki imemwegemea nyonga, akamzika mama yake hivyo. Alisikia wimbo. Alisikia mchungaji, maneno hayakamatiki vizuri. Kisha akasikia udongo, koleo moja, la pili, na baadaye makoleo mengi kwa pamoja, na sauti ya Judith ikilia juu ya zote: "Dada! Mwanao anakuja, dada!" Alisikiliza mpaka udongo ukaacha kusikika. Hapakuwa na nati ya kulegeza wala ya kubana, na katika maisha yake yote hakuwahi kukosa cha kushika namna ile.

Baada ya hapo hakuwa na sababu ya kukimbia, wala ya kuiacha pikipiki. Akaisukuma. Kilomita kumi za mchanga, hakupumzika ila mara mbili.

Aliingia kijijini saa kumi na mbili kasoro robo, jua likiwa linashuka. Watu walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka na viti vya kanisa, wengine wakila. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu hakuna aliyesikia kitu. Alisimama kwenye uzio na pikipiki yake mkononi kwa muda, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, ndipo Judith alipomwona. Akaja mbiombio. Akamshika kichwa akakiweka begani kwake.

"Walimwacha wazi nusu saa zaidi," alimnong'oneza. "Kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyewaambia unakuja. Alikuwa mzuri, Osward. Kama amelala."

"Nilitaka kumwona, mama mdogo."

"Najua, mwanangu. Najua."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo bado mbichi. Kufika huko ilibidi apite jikoni, na Osward, asijue hata kwa nini, hakuiacha pikipiki. Akaisukuma mpaka uani, akaipitisha kando ya mlango wa jiko, tairi likigusa karibu kabisa na kona ile. Kuku alikuwepo, ameatamia kwenye kikapu kilichochakaa chenye kanga ya mama. Osward alisimama. Kuku akamtazama kwa jicho moja, akajitanda vizuri juu ya mayai yake, wala hakuinuka.